Walichukua Kimo, Udongo Hawakuuchukua

Vigingi vyenye vichwa vyekundu, vya wapimaji wa njia ya umeme, vimeonekana tena kwenye milima iliyo juu ya Rumonge, na tangu vionekane mlango wangu haupumziki. Watu ambao mwaka mzima hawakujua kama nimeamka au nimezikwa, leo wanapiga hodi: Bibi, tuving'oe? Musiving'oe. Kigingi hakijamla mutu. Anayeliwa ni yule anayejificha ndani siku ya kuandikwa fidia.

Kaeni basi, vijana, nitasema mara moja, maana kifua changu siku hizi hakipendi maneno marefu. Mimi siko avoka wa kutetea watu barazani. Avoka ninayoijua ni ile inayoliwa, parachichi, na nimeangusha nyingi. Nimefyeka chini ya nyaya za umeme tangu mtoto wangu wa mwisho alipoacha kunyonya mpaka alipopanda boti kwenda Kigoma kutafuta maisha. Aliyapata huko huko, hajarudi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kampuni ya umeme inampa kazi mtu wa kandarasi, yule anamweka kapita wa kusimamia, na kapita anatafuta wanawake wenye mikono migumu. Mvua ikipungua tunapanda mlima, tunaishika njia ya nyaya kutoka mnara hadi mnara, tunafyeka kila kinachotaka kupanda juu. Ukiwa ziwani utaiona ile njia inavyopasua michikichi, kama mstari kwenye kichwa cha mwanamke aliyesukwa. Mstari ule sisi ndio tulikuwa tunauchana.

Haikuwa kazi ya kupata marafiki. Mwenye shamba akikuona unakuja na panga, hakuoni wewe, anaona mchikichi wake umelala chini. Watoto wanaitwa ndani. Ukisema amahoro, unajibiwa na mbuzi. Nimepita nyumba za watu miaka na miaka, najua mlango gani umelegea na bati gani limetoboka, lakini wenye nyumba hawakujua jina langu. Waliniita wa panga. Wa panga wamefika, fungeni kuku.

Nilikuwa na Leokadia tu. Yeye mukatoliki wa Minago, mimi mwislamu wa hapa mjini. Tulikula kwenye sahani moja ugali wa muhogo uliopoa na ndagala za ziwani za kukaanga, na nikisimama kuswali yeye alinishikia panga na kufukuza mchwa kwenye kanga niliyotandika. Alikuwa anasema, "Mama Shabani, mwambie Mungu wako atuletee kapita mwenye roho. Wangu nimemwambia mpaka amechoka." Tulicheka sana sisi wawili. Kucheka na mtu mmoja kunatosha, usipompoteza.

Sasa kama kuna mmoja wenu atakayechukuliwa kufyeka, asikie. Unaanza chini, unapanda na mlima, usishuke na panga, mguu utakutoka. Kabla ya kukata unapiga majani na fimbo, nyoka apate nafasi ya kuondoka kwa heshima. Mchikichi mrefu karibu na nyaya huuangushi peke yako, unaufunga kamba juu, wenzako wanauvuta upande wa pili. Na kamwe usibebe mwanzi mrefu ukiusimamisha. Kulikuwa na msichana mgeni aliyebeba hivyo asubuhi ya ukungu, nyaya zikaanza kuunguruma kama mzee anayekohoa. Kapita alimtupia kofia kumshtua, msichana akaangusha mwanzi, akakaa chini, na hakuja tena kazini. Alikuwa na akili kuliko sisi.

Uzio wa miyenzi, ule mti wenye maziwa unaopandwa mpakani, usiuguse. Kwanza maziwa yake yanapofusha. Pili, ukikata mpaka wa watu umefungua vita ambayo wajukuu wako watairithi.

Kitu kilichonifanya niwe na maneno leo nilikipata siku ya kwanza kabisa. Alikuja fundi kutoka Bujumbura kutufundisha. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, ameshika bega la kapita, anatoa mwiba kwenye kiatu, na hapo hapo ndipo alipotoa sheria yote. Akaweka mkono kifuani. Akasema mmea ambao ukikomaa hauzidi hapa sana, uacheni: maharagwe, karanga, viazi, muhogo, hata mahindi. Mmea unaotaka kwenda mbinguni, angusheni: mchikichi, mukaratusi, muembe, avoka. Leokadia akamuuliza, na udongo? Fundi akasema udongo ni wa mwenyewe, isipokuwa pale mnara uliposimamisha miguu yake, pale kampuni imepachukua moja kwa moja. Chini ya nyaya kampuni inahitaji kimo tu. Akavaa kiatu chake akaenda.

Sisi tuliambiwa kwa sababu tulikuwa na panga. Wenye mashamba hakuna aliyewaambia. Wao walisikia neno moja tu, kwa Kirundi, kwa Kifaransa, kwa kila lugha: limechukuliwa.

Domitila nilimkuta kwenye mlima mmoja juu ya Minago. Alikuwa mjane, mtu wa kurudi, amezeekea kambi za wakimbizi Tanzania, na alipopewa tena kipande cha ardhi ya baba yake alikipata kama mtu anayeokota kitu cha mwenzake: kwa woga. Nyumba yake ilikuwa upande mmoja wa nyaya, majirani wote upande wa pili. Katikati, chini ya nyaya, palikuwa na udongo mweusi unaoteremka mpaka kijitoni, udongo mzuri kuliko wote aliokuwa nao. Na pale ndipo palikuwa na pori refu kuliko mahali popote kwenye njia yetu. Michikichi yake ilikuwa imeshakatwa zamani, akalipwa, na tangu siku hiyo hakutia jembe hapo. Kila msimu tulipofika kwake, mikono ilikuwa inalia.

Yeye ndiye mtu wa kwanza kwenye mlima ule kunipa maji bila kuombwa. Alinipa kwenye kikombe kizuri, akakaa mbali kidogo akiangalia pori lake kama mtu anayeangalia gari la mwingine.

Nikamuuliza kwa nini anaacha udongo kama ule, na yeye anakwenda kulima kibarua kwa watu.

"Si wangu, dada. Nililipwa."

Nikamwambia ulilipwa michikichi na kimo chake, udongo haujauzwa. Akatikisa kichwa. Akanieleza kuwa siku ile watu wa kampuni walipomaliza kumlipa, aliwapa kinywaji. Yeye mlokole, pombe haingii kwake, kwa hiyo alimtuma mtu barabarani kununua fanta, wakanywa wote pamoja uani, majirani wakiona. Nanyi mnajua mila ya milimani: aliyelipa na aliyelipwa wakinywa pamoja mbele ya majirani, neno limefungwa. Hakuna anayerudi nyuma akabaki na uso. Watu wa kampuni walidhani ni ukarimu, maana jua lilikuwa kali. Yeye alikuwa anawauzia ardhi ya baba yake kwa moyo wote, na wao wanashukuru kwa fanta.

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikaona nimekosea.

Nikatafuta neno lingine. Nikamwambia, dada, wewe umewapisha tu. Mtu anapita na mzigo kichwani, unasogea, akishapita unasimama tena pale pale.

"Mimi nimepisha watu maisha yangu yote," akasema. "Nilipisha vita, nikapisha njaa, kambini wakatuambia pisheni wengine waingie. Sijawahi kurudi pale pale hata siku moja."

Nilirudisha kikombe, nikashika panga.

Msimu uliofuata tulikuta pori limekwisha. Leokadia akafurahi, akasema leo tutapumzika hapa. Lakini aliyelima hakuwa Domitila. Alikuwa Jerari, jirani wa upande wa pili, kapanda muhogo kutoka juu mpaka kijitoni, na chini kabisa kaweka matawi ya miiba, hata njia ya Domitila ya kwenda kuteka maji imefungwa. Ikabidi mwanamke yule azunguke mlima mzima na ndoo. Nikamuuliza Jerari kwa ruhusa ya nani. Akacheka, akasema hii ni ardhi ya kampuni, na kampuni imenipa. Kampuni gani? Kumbe ni kapita wetu. Jogoo mmoja mwekundu wa Jerari ndiye aliyefanya mkataba, nilimjua kwa sauti, alikuwa anawika nyumbani kwa kapita.

Nilimwendea Domitila kwa hasira. Alikuwa anamenya viazi alivyolipwa kwa kibarua. Akaniambia, polepole, afadhali sasa linalimwa, pori lilikuwa linaleta panya.

Hapo nilimsema vibaya, na sitawaficha, wala sijuti. Nilimwambia woga wake umepita adabu sasa, umekuwa uvivu. Nilimwambia leo ni kijito, kesho Jerari ataambiwa na kapita kwamba nyaya zimenenepa, zitafika mlangoni kwako, na wewe utamnunulia fanta. Nikamwambia aende kwa wazee wa mlima, Bashingantahe, aseme. Akaniuliza nitakuwepo? Nikasema nitakuwepo.

Jioni, tukishuka kwenda barabarani, Leokadia alinishika mkono.

"Mama Shabani, funga mdomo. Kapita akisikia, mimi na wewe tutakula nini?"

Nikamwambia mdomo wangu haujui kufungwa, umelegea kwenye bawaba. Alicheka kidogo. Ilikuwa mara ya mwisho nadhani.

Wazee walikaa kwenye uwanja wa kukamulia mawese, pale ambapo ardhi yenyewe inateleza kwa mafuta na kila mtu anaingia kwa kushikana. Jerari alizungumza kwanza, kwa ufundi. Alisema huyu mama alilipwa, wote tuliona. Aliwapa watu wa kampuni kinywaji, wote tuliona. Kama mwanamke anaweza kuuza, akafunga kwa kinywaji, kisha akadai tena, basi mlima huu hauna mpaka, kila mtu arudishe alichonunua. Watu wakaguna kumkubali. Hakusema uongo hata neno moja, ndiyo maana alikuwa hatari.

Mzee aliyekuwa mbele, mwenye fimbo, akauliza walikunywa nini. Jerari akasema fanta. Uwanja ukacheka. Mzee mwingine akasema tangu azaliwe hajaona fanta inafunga ardhi, fanta hata kizibo chake hakifungi vizuri. Nikaona tumeshinda, kesi imekwisha kwa kicheko.

Domitila akasimama. Akasema, "Musicheke, wazee. Kwangu mimi ilikuwa kinywaji cha kufunga. Sina kingine, mimi sinywi pombe. Niliwapa kwa nia ile ile ambayo nyinyi mungetoa pombe."

Mjinga mkubwa, nikasema moyoni. Watu walikuwa wameshampa ushindi na yeye anaurudisha mkononi mwao kwa sababu ya adabu. Kicheko kikafa. Jerari akaangalia chini, akivitabasamia viatu vyake.

Mzee mwenye fimbo hakuharakisha. Akamuuliza, kama neno lilifungwa, lilifungwa juu ya nini? Waliomba nini, ukawapa nini?

Mimi ningeweza kusema, lakini siko mwanamke wa mlima ule, na sikuulizwa. Domitila akainua mkono wake mpaka kifuani, kama fundi yule alivyofanya, ingawa yeye hakuwahi kumwona fundi. Labda aliniona mimi nilipomwonyesha kimo.

"Waliomba njia ya nyaya," akasema. "Nyaya ziko juu. Niliwapa kimo, kuanzia hapa mpaka kwa Mungu. Kimo sitakidai, nilikifunga kwa kinywaji, na sitapanda mchikichi hapo mpaka nife. Lakini udongo hakuna aliyeniomba. Ningewapaje kitu ambacho hawakuomba?"

Hapo tu ndipo mzee aliponigeukia. Akauliza yule wa panga, mukikuta maharagwe chini ya nyaya munayakata? Nikasema hatuyakati, tumekatazwa. Basi, hakuniuliza zaidi. Wazee wakasema Jerari avune muhogo uliokomaa, aondoe miiba, na udongo uwe wa mwenyewe. Jerari akaitikia, akasema murakoze, asante ya midomo tu.

Domitila alipanda maharagwe. Na habari ilishuka na mlima haraka kuliko maji. Mtu wa kwanza alifungua kipande chake, wa pili akaona, wa tatu akajilaumu kwa miaka yote aliyolala njaa pembeni ya ardhi yake. Mpaka karibu na Kizuka, mnara kwa mnara, watu wakarudi chini ya nyaya na majembe: karanga, viazi, maharagwe.

Sasa fikirini kidogo, nyinyi mliosoma. Ardhi ikilimwa, pori linatoka wapi? Na pori likikosekana, mfyekaji anafyeka nini? Msimu uliofuata kapita aliita wanawake wachache tu. Uliofuata tena, akaja kijana mmoja na mashine inayolia kama nyuki wazimu, akasafisha mabonde yaliyobaki peke yake. Kapita hakunifukuza kwa kinywa. Hakuniita tu. Wala Leokadia hakumwita.

Nilimkuta Leokadia sokoni, anauza ndagala za mtu mwingine. Nikasimama, nikasema amahoro. Alipanga ndagala zake, akazipanga tena, akasema bila kuniangalia, "Wewe ulikuwa na haki. Haki yako ndiyo tunakula sasa?" Nilinunua ndagala, akanipimia vizuri, hakuniibia. Hatujakaa tena kwenye sahani moja. Nasikia ziwa lilipopanda lilikula nyumba yake, akahamia kwa mwanawe huko Kabezi. Kabezi si mbali. Lakini unakwenda kumwambia nini mtu?

Basi nyinyi wa vigingi vyekundu, musinijie tena na maneno ya kung'oa. Siku ya kuandika, mke na mume wote wawe uani, si mume peke yake na sigara yake. Ulizeni kwa sauti, mbele ya jirani: hapa kwangu ni miguu ya mnara, au ni nyaya zinapita juu? Kama ni miguu, udongo unakwenda, mulipwe udongo. Kama ni nyaya, mulipwe miti na kile munachokatazwa, na udongo ubaki wenu. Nyumba iliyo chini ya nyaya, hiyo itaondoka, msibishane na moto, lakini malipo yatangulie, panga lifuate. Na mti ukishaangushwa, gogo ni lenu. Makapita wengi wameoa wake wa pili kwa mkaa wa magogo ya watu. Wala musipande ujanja. Bwana mmoja alichomeka makuti ya michikichi ardhini ahesabiwe shamba kubwa. Wahesabuji walichelewa, jua likapiga, wakakuta shamba lote limeinamisha kichwa kama watu kwenye msiba. Wakampa pole.

Na mukifunga kwa kinywaji, pombe au fanta, semeni kwanza kwa mdomo munafunga nini.

Mara ya mwisho nilipanda mlima ule bila kazi. Nilijiambia nakwenda kuangalia miguu yangu kama bado inaweza. Chini ya nyaya maharagwe yalikuwa yametoa maua, kutoka juu mpaka kijitoni, hakuna jani la kufyeka. Domitila alikuwa ameinama katikati. Akaniona, akajinyoosha, akaangalia mkono wangu, akakuta hauna panga. Uso wake ukawa wa mtu anayetafuta.

"Dada, leo umekuja kufanya nini? Si unaona pori hakuna."

Miaka yote nilifika kwake kwa sababu ya panga. Kumwambia mtu nimekuja kukuona tu, sikuwahi kujifunza, na umri ule si wa kuanza. Nikasema napita.

Akasema haya, na akainama tena kwenye maharagwe yake. Nikapita.